Barua ya Wazi kwa Idara ya Malikale

Mkurugenzi,
Idara ya Malikale,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA SHERIA YA MAMBO YA KALE, 1964

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, sisi wa Mkange tuko mkoa mmoja na Mafia, kwa hiyo furaha ya sheria yenu inatuhusu. Inalinda moja kwa moja majengo na maeneo ya kabla ya 1886. Ndege ya kwanza yenye injini iliruka Marekani mwaka 1903. Hongereni! Hakuna uwanja wa ndege duniani utakaowasumbua.

Hata ule wa Mafia. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikiteka kisiwa hicho, kisha wakasafisha kiwanja cha ndege zao za mbao na kitambaa, kwa sababu meli ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye mikoko ya Rufiji. Tarehe 6 Julai ndege moja ilidondosha mabomu kuwazubaisha Wajerumani huku manowari Severn na Mersey zikipenya mtoni. Tarehe 11, rubani Cull na mwenzake Arnold walitunguliwa wakiwa juu ya meli hiyo. Ndege inaporomoka, Arnold bado anatuma kwa simu ya upepo masahihisho ya shabaha! Waliangukia mtoni, wakapona. Königsberg haikupona.

Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, unapigwa picha na watalii. Kwa Wakenya, tena. Nasi tuna nini? Kiwanja cha enzi hizo hakikuwa na lami wala mnara. Kilikuwa ardhi iliyosawazishwa tu. Kichaka kikirudi, kimekwisha. Mgeni wa leo hushuka Kilindoni akaenda zake kuwatazama papa potwe.

Najua mtasema Waziri anaweza kulitangaza eneo lolote katika Gazeti la Serikali. Ni kweli, ila huku kwetu magreda yanachonga barabara ya kwenda Mkwaja, na greda halisomi Gazeti.

Basi tumeni mpima ardhi Mafia akiwa na kumbukumbu za jeshi la wanamaji la Uingereza. Aketi na wazee, aulize babu zao walifyeka wapi na walilipwa nini, kisha aweke bikoni. Tangazo lifuate mwaka huu wa fedha, si ujao.

Wenu mtiifu,
Mwananchi, Mkange.