Ukwaju wa Shangazi

Mume wangu hukusanya sarafu za kale za Uingereza, na tangu tuhamie Birmingham sebule yetu imepangwa kwa kuzifuata. Kasha la mbao lenye droo nyembamba limewekwa mbali na dirisha, mbali na jiko, mbali na mikono ya watoto. Ndani yake wafalme wamefuatana kwa zamu: George wa Tatu juu kabisa, kisha Victoria, Edward wa Saba, George wa Tano, mpaka Elizabeth na peni za mwisho kabla ya 15 Februari 1971, siku Waingereza walipoiacha hesabu ya peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni.

Kasha lilikuja baadaye. Tulianza na ndoo. Kwenye masoko ya Jumapili peni kuukuu huuzwa kwa uzito, na zile zilizotengenezwa tangu 1860, shaba ilipoanza kuchanganywa na bati na zinki, huenda 48 kwa ratili moja. Mume wangu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Alikuwa akirudi asubuhi, analala kidogo, kisha anamwaga ratili yake mezani na kusoma tarehe moja baada ya nyingine. Aliwinda herufi ndogo ya H ubavuni mwa tarehe, katika peni za 1912, 1918 na 1919. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton. Au KN, ya King's Norton, 1918 na 1919 tu. Viwanda vyote viwili vilikuwa hapahapa Birmingham, vikiisaidia Royal Mint ya London ilipozidiwa na kazi. Mwanzoni nilimwachia mambo yake. Kisha usiku mmoja nikaiona H mimi, yeye akiwa ameipita, na tangu hapo ndoo ikawa yetu sote.

Nilijifunza kwamba thamani ya sarafu haiji kwa umri peke yake. Kuna peni za Victoria zinazozidi miaka 120 na bado hazinunui hata kikombe cha chai, kwa sababu zilipigwa kwa mamilioni na zimesuguliwa mifukoni mpaka uso wa malkia umebaki kivuli. Kinachotazamwa ni uchache wake, idadi ya wanaoitaka, na hali yake, na katika hayo hali ndiyo inayowatesa wakusanyaji. Nywele za mfalme zinahesabika? Mikunjo ya nguo ya Britannia, yule mwanamke aketiye nyuma ya peni na ngao yake, inaonekana? Na ngozi ya sarafu, ile rangi ya kahawia ambayo shaba hujivika polepole, iko nzima?

Sarafu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa peni ya 1797, aliyoipiga Matthew Boulton kwa mashine za mvuke katika kiwanda chake cha Soho, upande huuhuu wa mji tunaokaa. Ni shaba tupu, nene, nzito, ina uzito wa wakia moja kamili, na ukingo wake mpana umezamishwa maandishi. Watu waliichukia mifukoni, lakini wenye maduka waliitumia kupimia vitu. Yetu ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea sawasawa pande zote mbili, bila jeraha. Mume wangu aliinunua kwa malipo ya zamu za ziada, na mimi ndiye niliyemhimiza aichukue.

Nilipojifungua kitinda mimba wetu, shangazi yake mume wangu alikuja kutoka Tanga kunikanda na kuniangalia mpaka arobaini itoke. Alifika na dodoki, mchaichai, kilo za ukwaju, na kanga ambazo hakuruhusu mtu azifungue. Baba yake alikuwa mvuvi, na yeye ni mwanamke wa pwani wa kisawasawa: mikono yake haikai mitupu. Kwao, kabla ya shughuli yoyote, masinia ya shaba na mabirika husuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka mtu ajione uso. Chombo cheusi mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba, wala hakuna wa kukutetea.

Ikafika siku ya akika. Wageni walikuwa wanatoka Leicester na Coventry. Usiku wa kuamkia siku hiyo mume wangu alikuwa amezitoa sarafu za shaba zilizokuwa kwenye vifuko vya plastiki laini vya zamani, vile ambavyo baada ya miaka huanza kutoa utelezi wa kijani unaoila sarafu. Alizipanga kwenye trei, akazifunika kitambaa, akaenda kazini akiwa na nia ya kumalizia asubuhi. Mimi nilikuwa juu na mtoto.

Shangazi aliamka kabla ya alfajiri, akaswali, akafunua kitambaa. Alichokiona yeye ni pesa za nyumba ya mwanawe zimeshika koga, na wageni wako njiani. Akaloweka ukwaju, akatia chumvi, akachukua dodoki.

Nilishuka jua likichomoza. Alikuwa amezitandaza juu ya kanga zikauke, safu kwa safu, zikimetameta kama masinia ya harusi. Peni ya Boulton ilikuwa ya kwanza, kwa sababu ni kubwa, na kubwa huanza. Ilikuwa na rangi ya waridi. Sikupata neno. Mlango wa mbele ukafunguka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone pesa zako. Nimeona haya kuziacha vile, watu wanakuja kumwona mtoto."

Mume wangu aliivua jaketi yake, akaisogelea meza. Aliishika ile peni kwa ukingo, kama anavyozishika zote, akaigeuza mara moja, akairudisha mahali pake. "Ahsante, Shangazi," akasema. "Umefanya kazi kubwa na hujalala. Kaa, nikutilie chai." Akamtilia chai. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na birika liligonga kikombe. Nimeishi naye miaka mingi, na sijamheshimu kuliko asubuhi ile.

Akika ikapita, mbuzi akaliwa, mtoto akaombewa dua. Kisa kingeishia hapo kama si kifungua mimba wetu, aliyelelewa na ndoo ile na asiyejua kuficha. Wageni walipoondoka alimwambia bibi yake, tena kwa upole, kwamba sarafu za baba haziogeshwi, na kwamba ile kubwa sasa haina bei.

Shangazi alikwenda chumbani kwake. Chakula cha usiku hakukigusa. Kesho yake alinikanda kwa maji ya moto bila kusema, mikono ikifanya kazi yake, macho ukutani. Kisha akaniuliza, "Nimeharibu?"

Ningeweza kumficha. Lakini mtu mzima aliyevuka bahari kwa ajili yako hadanganywi. Nikamwambia ndiyo, na nikamweleza. Ile rangi ya kahawia si uchafu, ni shaba yenyewe imekutana na hewa kwa miaka mia mbili na kujifanyia ngozi, na ngozi hiyo huilinda sarafu. Asidi ya ukwaju huivua pamoja na utando mwembamba wa madini, chumvi huiongezea ukali, na dodoki huacha mikwaruzo myembamba ambayo mkusanyaji huiona chini ya kioo cha kukuzia mara moja. Kuna watu huipaka sarafu iliyosuguliwa dawa ya kuirudishia weusi, na wengine huiuza hivyo bila kusema. Huo ni udanganyifu, na katika nyumba yetu hautafanyika. Sarafu iliyosuguliwa inabaki imesuguliwa, na bei yake mara nyingi hushuka mpaka sehemu ndogo tu ya ilivyokuwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainama. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia.

"Basi nieleze na hili. Katika zile za yule mwenye ndevu, kwa nini moja maji yake yamekupwa na nyingine yamejaa?"

Sikumwelewa. Alinishika mkono, tukaenda sebuleni, akanyoosha kidole bila kusita kwenye safu ya Edward wa Saba. Peni tatu za 1902, zote zinang'aa, zote kwangu ni sawa. Lakini Britannia ameketi kando ya bahari, na nyuma yake umepita mstari wa maji. Katika mbili ule mstari uko juu. Katika ya tatu umeshuka, uko chini ya pale miguu yake inapopishana. Shangazi alikuwa ameisugua kila moja kwa kidole gumba, na binti wa mvuvi huangalia maji kabla ya kuangalia kingine chochote.

Nilimwamsha mume wangu. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, akatazama tena, akakifuata kitabu cha bei, kile cha Spink kinachotoka kila mwaka. Ilikuwa kweli. Mwaka ule wa 1902 ilitumika mihuri miwili, na peni za maji kupwa ni chache zaidi, zinatafutwa, na hulipwa mara kadhaa ya bei ya zile za kawaida. Ilikuwa imekaa katika droo yetu muda wote, ikitazamwa na watu wawili wanaojua herufi zote na tarehe zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuangalia ule mstari wa bahari.

Muuza sarafu tunayemwamini, mzee mwenye meza sokoni, aliikagua na kuthibitisha. Hakutupamba. Kwa kuwa imesuguliwa, alisema, hawezi kuipa hata robo ya bei yake, na peni ya Boulton ndiyo imeumia zaidi. Alichotufundisha siku ile nakiandika hapa kwa anayekihitaji. Chumvi ikibaki kwenye shaba italeta kutu ya kijani baadaye, kwa hiyo sarafu zilowekwe katika maji yaliyokenekwa, yabadilishwe tena na tena, kisha zikaushwe kwa kuguswaguswa na kitambaa laini bila kusuguliwa. Shangazi aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine. Sarafu za fedha, nashukuru, zilikuwa kwenye droo nyingine na hakuzifikia. Shilingi za kabla ya 1920, ambazo ni fedha asilimia 92.5, bado zina weusi wao.

Arobaini ilipokaribia kutoka, alifungua moja ya zile kanga. Kwenye pindo lake lilikuwako fundo, na ndani ya fundo senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za ndovu pande mbili, nyeusi tititi. Ilikuwa ya mama yake. Alimpa mume wangu, akamwambia, "Hii sikuiosha."

Mume wangu aliisoma. Akakaa chini. Tarehe ni 1936, na jina ni la Edward wa Nane, mfalme aliyeingia Januari ya mwaka ule na kujiuzulu Desemba kabla ya kuvikwa taji. Hapa Uingereza peni za 1936 zina uso wa baba yake, George wa Tano. Zilizotayarishwa kwa uso wa Edward hazikutolewa kwa watu, zimebaki sampuli chache zinazogombaniwa kwa fedha nyingi mno. Lakini sarafu yenye tundu haina uso wa mfalme. Ina taji na jina tu, kwa hiyo haikuwa na haja ya kusubiri sura ichongwe. Ikapigwa, ikapakiwa melini, ikaenda kununua samaki na mkaa Tanga, Mombasa na Kampala. Mfalme ambaye Mwingereza hakuwahi kulipia mkate kwa jina lake, bibi zetu walimfunga kwenye pindo la kanga. Bei yake ni ndogo, kwa kuwa zilipigwa nyingi. Kwenye ile ya Shangazi iko H. Ilitoka Heaton, Icknield Street, safari fupi ya basi kutoka kwetu.

Sasa yuko Tanga, na hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Kwanza anauliza mtoto, kisha anauliza peni. Tunamtumia picha, naye huziangalia na wajukuu kwa kuzikuza. Juzi aligundua kwamba peni za Victoria za 1860 mpaka 1894 zina mnara wa taa nyuma ya Britannia, na kuanzia 1895 haupo. Alimtaka mume wangu aeleze nani kaiondoa taa na mabaharia wakaishije, maana yeye amekua akiutazama mnara wa taa wa Ulenge, kwao Tanga. Mume wangu alimwambia ni mchoro tu uliobadilishwa, na kwamba mnara ulirudi mwaka 1937. Hakuridhika. Alitaka kuiona hiyo ya 1937 kwa mkono wake.

Tunayo moja ambayo haikupata kutumika, na bado ina wekundu wake wa kiwandani, ule ambao hakuna ukwaju unaoweza kuutengeneza. Ndiyo bora tuliyonayo ya miaka ile. Mume wangu ameshaifunga kwenye karatasi isiyo na asidi, na jirani yetu anaondoka nayo kwenda Tanga wiki hii.