Kompyuta ya Studio na Mafaili ya Wilaya Mbili

Studio za picha za Kayanga na Omurushaka zinatawaliwa na kiduara cha bluu. Mteja ameshapigwa picha ya pasipoti saizi, fundi anataka tu kubadili bakigraundi iwe nyeupe, Photoshop inaganda na kiduara kinaanza kuzunguka. Dakika za mwanzo watu hukitazama kwa adabu. Baada ya hapo hutoa ushauri.

Ushauri ni zao ambalo halijawahi kufeli Karagwe, hata kahawa ikifeli. Studio ninakosaidia kuhariri picha, kila anayeingia ni daktari. Dereva wa bodaboda alisema mtandao uko chini, ingawa programu yetu imo ndani ya kompyuta na mtandao haiuhitaji. Mwalimu mstaafu akasema ni virusi vya fleshi za vijana. Mama mmoja muuza senene akaulaumu umeme: Kagera tumevutiwa umeme kutoka Uganda miaka na miaka, na kwa maoni yake umeme ule haujazoea Kiswahili. Fundi simu wa jirani alikuwa na dawa moja tu, kupiga Windows upya. Huyo hata ukimwambia unaumwa jino atauliza Windows yako ni ya mwaka gani.

Fundi wetu mwenyewe aliamini kurifreshi. Photoshop ikiganda, anaishusha, anabofya F5 kwenye kioo kitupu mfululizo mpaka kidole kichoke. Kurifreshi huko hakuongezi kasi ya kitu chochote, ila kunampa mtu la kufanya mbele ya mteja aliyekwisha kulipa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mahali pengine. Programu ya picha hufanyia kazi kwenye RAM kama fundi cherehani kwenye meza yake. Meza ikijaa, vitambaa vinashushwa sakafuni. Sakafu hiyo ni nafasi tupu ya diski, na kwa kawaida Photoshop huchukua ile ya diski C. Tena haisahau upesi: usipoigusa mipangilio yake, matoleo ya karibuni hukumbuka hatua zako 50 za mwisho ili uweze kurudi nyuma. Matoleo hayo hudai RAM ya GB 8 kwa uchache. Kompyuta yetu ina GB 4 na toleo la zamani, kwa hiyo sakafu ilikuwa muhimu kuliko meza.

Tukafungua diski C. Sakafu haikuwepo.

Mlikuwa na Karagwe nzima. Ratiba za mazishi, wasifu wa waombaji kazi, video za kwaya, filamu za Kibongo za mtu aliyeacha fleshi akaenda kunywa chai. Palikuwa na folda HARUSI MPYA, HARUSI MPYA YENYEWE na HARUSI MPYA MWISHO KABISA, na maharusi wa folda hizo wanamlea mtoto wa tatu sasa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012, lakini mafaili yake hayakupewa barua ya uhamisho: Nkwenda, Kaisho na Murongo wote walikuwa bado kwetu.

Kufuta ndiko kulikoleta kazi. Kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ana simu. "Waitu mwanangu, usifute," mama mmoja wa Nkwenda alimsihi fundi. "Humo mna picha ya marehemu baba yao."

"Mama, picha hiyo hiyo imejirudia mara nyingi."

"Basi ziache zote. Utajuaje ipi ndiyo yenyewe?"

Katikati ya diplomasia hiyo, kahawa ikauzwa na harusi zikaanza. Mwenyekiti wa kamati akaagiza bango la mita 3 kwa 2, "kwa ubora wa juu kabisa." Fundi akaweka nukta 300 kwa inchi. Mwenyekiti akauliza kwa nini zisiwe 600, maana bwana harusi ni mtu wa heshima. Nikawapigia hesabu: kwa nukta 300 bango hilo lina pikseli kama milioni 837, yaani GB 2.5 kwa leya moja kabla ya kugusa ua lolote. Upande wake mrefu unavuka pikseli 35,000, na faili la kawaida la PSD mwisho wake ni 30,000. Bango hutazamwa kutoka mbali, nukta 100 zinatosha, na mzigo unashuka hadi MB 280 hivi. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, kama aliyepunguziwa mahari.

Mwenye studio akanunua eksteno. Tukahamishia humo wilaya zote mbili, diski C ikapumua, na kiduara kikawa mgeni wa nadra. Bango likatoka siku ileile. Mlangoni tukabandika tangazo kwa herufi kubwa: HATUHIFADHI MAFAILI YA WATEJA.

Mwenyekiti alipokuja kuchukua bango alilisoma tangazo polepole, akalisifu kwa maandishi yake mazuri, kisha akatoa fleshi mfukoni. "Hili si faili," alisema. "Ni video ya harusi tu."