Paa wa Ngomeni
Bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayojengwa juu ya mitambo na mambo ya anga, imewapa vijana Cinder (2012) ya Marissa Meyer, ambamo yatima wa ngano ya Ulaya ana mguu wa chuma na hutengeneza mashine katika Beijing ya baadaye. Kijana wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, huistaajabia huku ameyapa mgongo majukwaa ya baharini ambako Waitaliano walianza kurusha setilaiti mwaka 1967, na ambako tarehe 12 Desemba 1970 waliipaisha Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo kwenye nyota. Ngano nayo haikukosekana: katika kisa cha Sultani Darai, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paa asemaye humtafutia maskini mke na jumba, kisha paa akiugua, bwana huyo huamuru apikiwe uji wa mtama. Mwandishi atakayemgeuza paa huyo roboti, mashine itumwayo kazi za mtu, atabadili kwato tu. Ujira auache vilevile, wenye majumba ya Malindi wasije wakaiona hadithi haiaminiki.