Mwanafunzi wa Miaka 30

Mwaka 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliwatangazia walimu wa Kenya kwamba sasa wataendelezwa kitaaluma. Moduli 6, kila moja miaka 5, ada shilingi 6,000 kwa mwaka, zitoke mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Piga hesabu: aliyeanza akiwa na miaka 30 angemaliza akiwa na 60, siku ya kustaafu, tayari kabisa kuanza kazi.

Taasisi zilizoteuliwa kutoa mafunzo hayo zilikuwa nne, na sisi wa Thika Road hatukupunjwa. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika mjini. Kenyatta kiko Kahawa, na ukipanda matatu Ruiru unafika makanga angali anakutafutia chenji.

Utamu wa mafunzo yenyewe uko kwenye nadharia za wanasaikolojia. Piaget anasema mtoto hujijengea maarifa kwa kushika na kujaribu. Vygotsky anaongeza kwamba hujifunza kwa kuzungumza na aliyemzidi kidogo. Hayo yote husomwa neno kwa neno kutoka kwenye slaidi, huku ukumbi mzima wa walimu ukinakili kimya, wengine wakipiga picha ukuta. Ukiinua mkono unaambiwa, “Mwalimu, hilo tutalifikia.” Kipindi cha majadiliano ndicho hukatwa chai ikichelewa, na chai, bila shaka, huchelewa.

Mkuu wa shule naye hurudi na cheti cha uongozi shirikishi. Jumatatu asubuhi anawaita walimu wake na kuwaarifu kwamba kuanzia leo, wapende wasipende, watashirikishwa.