Muulize Shangazi: Kiingereza Kimenikwama Kooni

Wiki hii hakuna mume aliyepotea wala wifi aliyenuna. Barua karibu zote zimetoka kwa watu wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na wote wanaogopa sehemu ile ile: ya kuzungumza. Kuandika hawaogopi, maana karatasi haikukodolei macho.

*Shangazi, mimi ni muuguzi hapa Nakuru, nataka kwenda kufanya kazi Uingereza. Nimenunua kwenye WhatsApp faili la majibu 200 na nimeshayahifadhi 140. Je, yanatosha au niendelee? – Kasuku wa Nakuru*

Kasuku mwanangu, yamezidi. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka alama ya 7 katika kuzungumza, kusoma na kusikiliza, na 6.5 katika kuandika. Hayo unayajua kuliko nambari yako ya kitambulisho. Usilolijua ni kwamba mtahini amefunzwa kulitambua jibu la kuhifadhi. Dakika iliyopita ulikuwa ukieleza kwenu kwa kusuasua; sasa umeulizwa juu ya mazingira na ghafla unahutubia kama waziri anayefungua kongamano, macho darini. Atakubadilishia swali tu, na hilo jipya limo kati ya yale 60 ambayo hujayafikia.

Mazungumzo yote huchukua dakika 11 hadi 14. Vinavyopimwa ni vinne na vina uzito sawa: mtiririko wa maneno na mpangilio wa mawazo, msamiati, sarufi na matamshi. Kukariri hakumo. Basi futa faili, mtafute mwenzako wa zamu ya usiku, mwelezeane kwa Kiingereza kwa nini mgonjwa fulani amekataa dawa na mngemshawishi vipi. Kesho rudieni mada hiyo hiyo kwa maneno mengine. Jirekodi kwa simu, kisha ujisikilize hata kama unaona haya. Pesa za faili sahau.

*Shikamoo Shangazi. Nimetazama filamu za Marekani mpaka sasa naongea puani. Mama mkwe alidhani nina mafua, akaniletea tangawizi. Je, mtahini ataniongezea alama? – Mzungu wa Tabata*

Marahaba. Hataongeza hata chembe. Lafudhi ya Tabata haina kosa. Kinachotakiwa ni msikilizaji akuelewe bila kuhangaika. Ukitaka kazi ya kufanya, fanya hii: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tumezoea kuubandika hapo hapo kwenye kila neno la Kiingereza, wakati mkazo wa Waingereza hauna makao. Jifunze neno pamoja na mkazo wake. Na acha kuyapa maneno yao irabu za mwisho ambazo hawakuzaliwa nazo. Anayechanganya l na r anajijua, simtaji. Tangawizi kunywa, mama wa watu alihangaika.

*Shangazi, barazani hapa Lamu nazungumza tangu magharibi hadi watu waombe ruhusa ya kwenda kulala. Juzi kwenye mtihani wa majaribio nilipewa kadi nieleze mtu ninayemheshimu. Nikasema ni babu yangu, ni mtu mzuri. Basi, nikanyamaza. Mwalimu akaniambia bado kuna dakika moja na nusu. – Domo Zege*

Barua hii ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima. Wewe hukukosa maneno, ulishikwa na adabu. Tumelelewa kwamba mkubwa akikuuliza, unajibu kifupi na kuinamisha kichwa, na anayejieleza sana mbele ya mgeni anaitwa mjuaji. Shuleni Kiingereza kikatukazia hapo hapo: mwalimu anauliza, unasimama, unatoa neno moja, unakaa kabla hujakosea. Sasa mbele ya mtahini tabia hizo njema zinakugharimu. Ukifupisha, hana cha kukupimia.

Kwa hiyo usimhesabu mtahini kuwa mwalimu wala mzee wa mtaa. Ukishapewa kadi unapata dakika moja ya kujiandaa, na karatasi na penseli. Usiandike sentensi, hutazimaliza, andika vitu. Kofia ya babu. Jahazi lake. Siku aliyokataa kuuza kiwanja. Kila kimoja kina kisa, na kisa unakijua. Ongea mpaka usimamishwe. Dakika mbili zikitimia atakukata katikati ya sentensi. Usinune, ndivyo alivyoagizwa.

Kisha atakuuliza mambo mapana zaidi, pengine kama vijana wa leo bado wanawaheshimu wazee. Hapo hatafuti jibu sahihi na hajali uko upande gani. Sema unavyoona, toa sababu, leta mfano, kubali kwamba wengine wanaona tofauti. Hujasikia swali? Omba arudie. Wala usizue kwamba babu alikuwa rubani. Hakuna atakayekwenda kuuliza Lamu, lakini utaulizwa alirusha ndege gani, na hapo zege litarudi.

*Shangazi, mume wangu anajiandaa kwa mtihani na sasa anaongea Kiingereza usingizini. – Nimechoka, Morogoro*

Mrekodi. Huenda ndipo pekee anapokisema bila woga.

*Shangazi, sekondari nimesoma kwa Kiingereza, chuo kwa Kiingereza, vyeti ninavyo. Kwa nini nilipe tena ili mgeni anipime? – Mwenye Uchungu, Mbeya*

Uchungu wako ni halali, na hata mimi ada hiyo inaniuma ingawa silipi. Lakini tuambiane ukweli: darasani mwalimu alifafanua kwa Kiswahili, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, nasi tukanakili kimya kimya. Tulifaulu kwa kalamu. Wangapi tuliwahi kubishana kwa Kiingereza hata dakika kumi kabla ya kupewa shahada? Hilo ni deni la shule zetu, na linadaiwa kwako kwa sababu wewe ndiye unayesafiri.

La kukuokoa pesa ni hili: matokeo huhesabika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usikimbilie kufanya mtihani kabla ya kujua unakokwenda. Waulize kwanza chuo au mwajiri wako wanataka mtihani gani na alama ngapi, na wakujibu kwa maandishi.

Wiki ijayo tunarudi kwa mawifi. Nyinyi wa IELTS, kabla hamjaniandikia tena, kila mmoja atafute mtu wa kuzungumza naye Kiingereza nusu saa. Barua ndefu mnazijua. Kwenye kuzungumza hazina alama.