Mto Usiopata Taarifa

Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akatangaza, tena akiwa London, kwamba ifikapo 2010 utatiririka mwaka mzima. Ikafika 2010. Mto haukuwa umepata taarifa.

Maji yaliadimika, washitakiwa hapana. Mkulima wa mpunga Mbarali, huko juu ya mto, alimnyooshea kidole mfugaji. Mfugaji akaondolewa bonde la Usangu na ng'ombe wake, 2006 na 2007, kisha bonde la Ihefu likaingizwa hifadhini. Maji hayakurudi kumshukuru mtu. Tanesco nao, umeme ukikatika, walitazama bwawa la Mtera na kuwalaumu walio juu ya mto, ingawa wapo watafiti waliosema uendeshaji wa mabwawa yenyewe una maswali yake ya kujibu.

Kitaalamu hatukulala. Tuliwajengea wakulima mabanio ya zege ili maji yasipotee. Na kweli hayapotei: yanaingia shambani yote. Kibali kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, pale Iringa, kinataja kiasi cha kuchota, lakini banio halijui kusoma.

Sisi walaji, bila shaka, hatuhusiki. Tunafika sokoni Dar es Salaam, tunanusa mchele, tunauliza kama ni wa Kyela. Muuzaji anaapa ni wa Kyela. Kyela maji yake huishia Ziwa Nyasa, kwa hiyo Ruaha haitudai kitu. Hebu tupimie kilo kumi, mama.