Tondozi ya Mbwa wa Vichwa Vitatu

Kwenye mageti mengi ya mjini pameandikwa "Mbwa mkali", na ndani hamna hata paka. Mbwa ninayetaka kumsifu leo ni kinyume chake: yupo, ni mkali, na hajaandikwa popote. Anaitwa Kerberos. Watunzi wetu wametoa tondozi za ng'ombe, za vyombo vya baharini na za shingo ya mpenzi. Ya mbwa sijaisikia. Basi nianze mimi, fundi wa kompyuta wa chuo kidogo, niliyeng'atwa naye hadi nikamzoea.

Jina lake ni la jibwa la Wagiriki wa kale, lenye vichwa vitatu, lililolinda lango la kuzimu. Waliompa jina hilo ni watu wa MIT, Marekani, katika mradi wa Athena ulioanza 1983. Toleo lake la tano, linalotumika hadi leo, lilitoka 1993. Kazi yake ni ya heshima: nenosiri lako halipiti kwenye waya hata mara moja. Asubuhi unajitambulisha, unapewa tiketi ya kudumu saa kumi, na kwa tiketi hiyo unafunguliwa mafaili na printa bila kuulizwa tena. Ni kama kadi ya harusi. Ukishaionyesha mlangoni, hadi keki inakatwa hakuna atakayekuuliza ulichanga kiasi gani.

Microsoft walimchukua mbwa huyu wakamfunga kwenye Active Directory, daftari lao la watumiaji lililotoka pamoja na Windows 2000. Chuoni kwetu daftari hilo ndilo linalojua nani ni nani. Tulipoamua kompyuta ishirini za zamani ziwekewe Linux, isiyolipiwa leseni, bosi wangu aliuliza swali moja tu: watu wataingia kwa nenosiri lilelile? Nikamjibu, "Ndiyo, mkuu. Ni amri ya mstari mmoja." Na kweli ni mstari mmoja. Wiki tatu zilizofuata nilikuwa nauandalia mstari huo mapokezi.

Fadhila yake kubwa ni kwamba amenifundisha kwenda na wakati. Kwa kawaida Kerberos hakubali saa ya kompyuta yako ipishane na ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Sababu ina akili: mwizi akiunasa ujumbe wako njiani akauleta tena baadaye, mbwa ataunusa na kukuta umechacha. Lakini fikiria kanuni hiyo inavyotua kwetu, kwa watu ambao kadi ya mwaliko inasema saa kumi na mbili kamili jioni, na bwana harusi mwenyewe anaingia saa mbili na nusu. Saa moja yetu ya asubuhi ni saa saba ya Wazungu. Tumeishi na tofauti ya saa sita vizazi na vizazi, na hakuna aliyezuiwa kuingia kwake. Dakika tano! Kwa dakika tano hata salamu hazijaisha.

Asubuhi moja mama mhasibu, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili astaafu, alipewa mojawapo ya kompyuta zile. Nikamkuta ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta yako imenikataa."

"Labda umekosea nenosiri, mama."

"Ni jina la mjukuu wangu. Nitamkosea mjukuu wangu?"

(Sera yetu ya usalama inakataza majina ya wajukuu. Nilinyamaza, siku ile sikuwa na ubavu.)

Skrini haikutaja saa hata kidogo. Ilisema tu imeshindikana, jaribu tena, naye alikuwa amejaribu mara sita. Nilipofungua kumbukumbu za mfumo ndipo nikaona: kompyuta iliamini bado tuko Ramadhani. Betri yake ya CR2032, ile bapa kama sarafu, ilikuwa imekufa. Nao mlango namba 123, ambao saa sahihi hupitia kutoka nje, ulikuwa umefungwa na mlinzi wa mtandao kwa sababu za usalama. Mlinzi huyo ni mimi.

Zilikuwapo pia mashine nne tulizoziachia mifumo miwili. Windows huandika kwenye saa ya mashine muda wa hapa kwetu. Linux huisoma saa hiyohiyo kama ya Greenwich, ikaongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Aliyetoka Windows saa nne asubuhi aliingia Linux saa saba mchana, akafukuzwa mlangoni. Mwalimu mmoja alinishukuru kwa kuharakisha chakula cha mchana.

Unyenyekevu nao nimeupata kwake na kwa jamaa zake. Jina la himaya yake huandikwa kwa herufi kubwa, ukitaka amani. Jina la kompyuta lisizidi herufi 15, na mimi nilikuwa nimeshazibandika "maabara-ya-kompyuta-01" kwa rangi isiyofutika. Halafu kuna suala la mtu kuwa watu wawili. Windows humjua mtu kwa mkufu mrefu wa namba unaoanza na S-1-5-21, ilhali Linux inataka namba moja fupi. Nusu ya mashine nilizipa mkalimani aitwaye SSSD, nusu nikazipa winbind, na kila mkalimani akatafsiri kivyake. Mwanafunzi akihama kiti, mafaili yake kwenye seva yalimwona mgeni.

Huyo winbind ni mtoto wa Samba, mradi ulioanzishwa na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Canberra, Australia. Jina alilipata kwa kupekua orodha ya maneno ya kamusi akitafuta lenye herufi S, M na B (SMB ndiyo lugha ambayo Windows hugawana mafaili kwayo) kwa mpangilio huo. Katika wiki yangu ya pili hilo ndilo jambo pekee lililonichekesha.

Leo mashine zote ishirini zinachukua saa kutoka kwa seva yenyewe ya daftari, na mkalimani ni mmoja. Kwenye vikao nafika wa kwanza, nakaa peke yangu na chupa za maji. Wenzangu wananiita Mzee wa Dakika Tano. Mama mhasibu anaingia kwa jaribio la kwanza, kwa nenosiri jipya ambalo sijamuuliza ni la mjukuu yupi. Juu ya kichwa chake inaning'inia saa ya ukutani iliyo nyuma dakika saba. Hiyo mbwa haifikii.